Umeumia kazini na kosa ni lako: bahasha ya tajiri, madai ya WIBA au kortini?

Nimekaa kando ya vitanda vya hospitali mara nyingi, hata neno ambalo mtu aliyeumia kiwandani hulitanguliza nalijua. "Makosa ni yangu." Hulisema kabla hujamjulia hali, na mara nyingi supavaiza huwa amesimama pale pale, akalisikia vizuri na kuondoka nalo hadi ofisini. Baada ya siku mbili tatu inakuja bahasha.

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika viwanda vya plastiki huku Changamwe, Mombasa, mwaka wa 11 sasa, na haya nayaandika kwa ajili ya huyo mwenye bendeji, pamoja na mkewe au mamake anayemshikia simu. Mbele yake zipo njia tatu. Achukue bahasha ya pesa za tajiri, yaani mwajiri wake, wamalizane. Afungue madai chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo sote tunaiita WIBA. Au atafute wakili aende kortini. Nataka kuzipima kwa jambo moja tu: kosa lako linahesabiwaje katika kila njia, na litakugharimu nini. Ninayoyasema ni ya Kenya. Msomaji wa Tanzania Bara nitamgusia mbele kidogo, maana kwao mlango ni mwingine.

Kosa lenyewe ni la namna gani

Kabla ya kupima njia, pima kosa. Lipo kosa la kibinadamu: zamu ya usiku imekuchosha, umeteleza, umesahau glavu, umepeleka mkono mahali ambapo siku nyingine hungeupeleka. Huo ni uzembe, na WIBA haina habari nao. Inachouliza ni kama ajali imetokana na kazi na kama imekupata ukiwa kazini, basi.

Lipo pia kosa la kuvunja amri ili kazi iende. Na lipo lile ambalo kifungu cha 10 cha WIBA kinalitaja waziwazi, utovu wa nidhamu wa makusudi: mtu anajua kabisa kwamba anachofanya kimekatazwa na ni hatari, na anakifanya kwa kutaka. Hapo ndipo fidia inapoweza kukatika. Lakini kisome kifungu hicho mpaka mwisho, kwa sababu wengi ofisini hukisoma nusu. Fidia inakatika tu ikiwa ajali haikuleta kifo wala ulemavu mkubwa, na ulemavu mkubwa umewekewa kipimo: asilimia 40 au zaidi ya ulemavu wa kudumu. Aliyepoteza mkono mzima akiwa kazini bado analipwa hata kama alikuwa mkaidi. Mjane na watoto wa aliyekufa kazini nao wanalipwa. Tena sheria inasema kwamba kwa majeraha makubwa namna hiyo, au kifo, mtu aliyekuwa akivunja amri ya mwajiri, au hata sheria ya nchi, huchukuliwa kuwa alikuwa kazini, mradi alichokuwa akifanya kilikuwa kwa faida ya biashara ya mwajiri wake.

Kwa hiyo ugomvi wote uko chini ya asilimia 40, kwenye vidole, vifundo vya miguu na majeraha ya moto, na swali huwa moja: je, kuvunja amri kule kulikuwa ukaidi wa makusudi, au ndivyo kazi ilivyokuwa ikifanywa kila siku?

Kijana mmoja wa miaka 23 alikuwa zamu ya usiku kwenye mashine inayotoa vifuniko vya ndoo. Mashine hizi zina mlango wa kinga wenye swichi; mlango ukiwa wazi, moldi, lile umbo la chuma linalofinyanga plastiki, haifungi. Kufungua na kufunga mlango huo kunakula kama sekunde nne kwa kila kifuniko. Zamu ya saa 12 ilitakiwa kutoa vifuniko 1,800. Zidisha mwenyewe: saa mbili nzima zinapotea mlangoni. Basi swichi ikafungwa kwa waya mwembamba wa shaba, umezungushwa mara tatu na ncha yake kukunjwa kwa ndani isimchome mtu. Mashine ikawa inadhani mlango umefungwa wakati wote. Saa tisa usiku kifuniko kikakwama, kijana akaingiza mkono wa kushoto kukitoa, moldi ikaja. Vidole viwili vilikatika kwenye kiungo cha kati.

Ofisi ikasema ni ukaidi: waya kaufunga mwenyewe, na tangazo la kukataza liko ukutani kwa herufi nyekundu. Ni kweli kaufunga mwenyewe, hakukana. Lakini afisa kutoka Idara ya Usalama na Afya Kazini, yaani DOSH, inayoshughulikia madai ya WIBA, alipokuja akazunguka, alikuta waya kama huo kwenye mashine nne kati ya sita. Juu ya mmoja vumbi la plastiki lilikuwa limeganda mpaka shaba haionekani, yaani waya huo ulikuwa na miezi pale. Na ile karatasi ya vifuniko 1,800 ilikuwa na sahihi ya supavaiza kila usiku. Amri inayovunjwa na kila mtu mbele ya macho ya anayeitoa, tena kwa faida yake, haiwezi kugeuzwa kuwa ukaidi wa mtu mmoja siku anapoumia. Alilipwa.

Bahasha

Bahasha ina mazuri yake na sitaki kuyadharau. Inafika haraka, wakati mwenye nyumba anabisha hodi na dawa za maumivu zimekwisha. Haihitaji daktari wa pili wala fomu. Inakuacha mkipeana mkono na tajiri. Kwa mtu mwenye kosa, ina mvuto mwingine mkubwa zaidi: inamwokoa asiulizwe maswali.

Lakini ndani ya bahasha huwa na karatasi. Ya yule kijana ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba amepokea shilingi 30,000, amelipwa kikamilifu na hana dai lingine. Hiyo isikutishe, kwa sababu makubaliano yanayomfanya mfanyakazi aachilie haki zake chini ya WIBA ni batili. Hata ukisaini, mlango wa DOSH haujafungwa. Ya pili ndiyo yenye sumu: "Ajali ilisababishwa na mimi mwenyewe kwa kukiuka kwa makusudi kanuni za usalama." Sentensi hii haikuondolei haki kwenye karatasi. Inakuja kusomwa baadaye kama ushahidi wako wewe mwenyewe, kwa maneno yale yale yanayokata fidia, na mtu aliyeyaandika alijua anachokifanya.

Kwa hiyo kama shida imekubana na pesa unazihitaji leo, zipokee. Ikate sentensi ya pili kwa kalamu, utie sahihi pembeni, kisha andika chini kwamba umepokea kama msaada na madai yako ya WIBA yanabaki. Wakikataa kukupa kwa sababu hiyo, umeshajua bahasha ilikuwa ya kununua nini.

WIBA ikipangwa kando ya bahasha

Hesabu ya ulemavu wa kudumu huanzia kwenye mshahara wa miezi 96. Kijana alikuwa akipata 18,000 kwa mwezi. Mara 96 ni 1,728,000. Daktari akamwandikia ulemavu wa asilimia 15, ambayo ni shilingi 259,200. Juu ya hapo kuna malipo ya muda ambao huwezi kufanya kazi, sawa na mshahara wako, ukiwa umekaa nje siku tatu au zaidi, kwa muda usiozidi miezi 12. Yeye alikaa miezi miwili, 36,000. Gharama za matibabu zinazostahili nazo ni za mwajiri. Weka hizo upande mmoja, na 30,000 upande wa pili.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye namna kosa linavyopimwa. Ndani ya bahasha kosa lako ndilo linalopanga bei, na bei anaipanga tajiri peke yake. Kwenye WIBA hakuna kukatwa robo wala nusu kwa sababu ulizembea. Ni yote au hakuna. Asilimia 15 ya mtu mwangalifu na asilimia 15 ya mtu aliyesahau glavu ni shilingi zile zile. Ukionekana mkaidi wa makusudi na ulemavu wako ni asilimia 39, hupati. Ukiwa asilimia 40, unapata. Ndiyo maana kipimo cha daktari kinapigwa vita sana pale kwenye thelathini na kitu, na ndiyo maana ripoti ya daktari usikubali iandikwe jeraha likiwa bado bichi, kabla haijajulikana kiungo kitanyooka au la.

Anayesema ulikuwa mkaidi ndiye anayepaswa kuonyesha. Tangazo la ukutani peke yake ni dogo. Ulifundishwa lini? Nani alikusimamia? Glavu zilikuwepo stoo, au zilikwisha tangu mwezi uliopita? Wenzako walifanyaje? Haya yakusanye mapema, na picha za mashine zichukuliwe kabla haijasafishwa. Waya ule wa vumbi ungeondolewa asubuhi, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Ubaya wa WIBA ni mwendo. Mwajiri anapaswa kuijulisha DOSH ndani ya siku saba kwa fomu ya DOSH/WIBA 1, au ndani ya saa 24 kukiwa na kifo, na wengi huchelewa makusudi. Kisha daktari, kisha hesabu ya DOSH inayoandikwa kwenye DOSH/WIBA 4, kisha kampuni ya bima inaanza kuuliza maswali yake. Kijana alisubiri miezi tisa. Tena WIBA hailipi uchungu na mateso kama korti zilivyokuwa zikilipa. Inalipa mshahara na asilimia.

Kortini

Wazee wetu kazini bado wanashauri "tafuta wakili, mshtaki", na wanashauri kwa nia njema, kwa sababu wakati wao ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilivitangaza baadhi ya vifungu vya WIBA kuwa kinyume cha katiba, na kwa miaka mingi kesi za majeraha zikaendelea kufunguliwa kama kawaida. Kortini kosa lako lilikuwa linagawanywa. Jaji anasema jeraha ni la shilingi 400,000, mfanyakazi amechangia asilimia 30, basi anapata 280,000, na wakili anatoa yake humo. Kwa mtu mkaidi mwenye jeraha dogo njia hiyo ilikuwa afadhali, kwa kuwa hata mwenye nusu ya lawama aliondoka na nusu ya pesa.

Mlango huo umefungwa. Mahakama ya Rufaa iliirudishia WIBA nguvu mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakata maneno: madai ya jeraha la kazini dhidi ya mwajiri yanaanzia kwa Mkurugenzi wa DOSH. Mwaka 2023 Jaji Mkuu akatoa mwongozo kuhusu kesi zilizokuwa zimefunguliwa kabla ya uamuzi huo. Wewe uliyeumia mwezi uliopita, wakili akikuahidi kumshtaki mwajiri wako moja kwa moja kwa uzembe, muulize ataruka vipi kifungu cha 16 cha WIBA, kinachozuia kesi ya namna hiyo.

Korti imebaki na kazi mbili kwako. Moja ni rufaa. Ukikataliwa, au ukipewa asilimia usiyoikubali, una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi; anajibu ndani ya siku 14, na baada ya jibu lake una siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Leba. Ya pili ni pale aliyekuumiza anapokuwa mtu mwingine asiye mwajiri wako, tuseme lori la mkandarasi limekugonga uwanjani. Huyo unaweza kumshtaki huku unadai WIBA, na korti itatilia maanani ulicholipwa. Kesi hiyo ndiyo ambayo kosa lako bado linakatwa kwa asilimia.

Nilipokosea

Nisingekuwa mkweli kama ningesimulia habari ya kijana peke yake. Rafiki yangu, dereva wa stoo, alikunywa mchana, akapanda foklifti ambayo hakuruhusiwa kuiendesha, akambeba mwenzake na kuanza kumzungusha uwanjani kwa mchezo. Ilipinduka ikamlalia kifundo cha mguu. Tajiri, ambaye kwa haki alikuwa amekasirika, alilipa hospitali yote na kumpa 40,000. Nilimwambia azikatae. Nilimpigia hesabu mezani kwake: mshahara 25,000, mara 96, asilimia 8, shilingi 192,000. Mkewe alikuwa ananisikiliza na kuniamini.

Madai yalikataliwa. Hakuwa akifanya kazi ya mtu yeyote pale uwanjani. Alikuwa akicheza, amelewa, na chombo alichokatazwa. Asilimia 8 iko mbali sana na 40. Na hata ingefika 40, bado angeulizwa mchezo ule ulihusiana vipi na kazi. Bahasha nayo ilikuwa imesharudi kabatini. Niliwaomba radhi wote wawili, na tangu siku hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mtu kabla ya asilimia na mshahara ni hili: wakati unaumia, ulikuwa unafanya kazi ya nani? Akijibu "ya tajiri, ila vibaya", naenda naye DOSH siku hiyo hiyo. Akinyamaza, na jeraha si kubwa, namwambia aiangalie bahasha kwa makini, ajue kwamba huenda hakuna kingine, na asisaini sentensi ya uongo hata hivyo.

Kazi je?

Hofu hii ndiyo inayowasukuma wengi kwenye bahasha. Fidia na nidhamu ni mafaili mawili tofauti. Tajiri anaweza kukuita kwenye kikao cha nidhamu kwa kuvunja kanuni za usalama na bado akawa na wajibu wa fidia. Unaweza kupewa barua ya onyo na hundi ya WIBA wiki moja. Ukiitwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa haki ya kusikilizwa ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Itumie. Kufungua madai si sababu halali ya kumfukuza mtu, na kumtisha mfanyakazi ili aache haki yake ya WIBA ni kosa la jinai. Ulevi kazini ni sababu inayotajwa na Sheria ya Ajira kuwa utovu mkubwa wa nidhamu, kwa hiyo mlevi ajue kwamba anaweza kushinda kwa asilimia 45 ya ulemavu na bado akapoteza kazi. Na kibarua wa siku asidhani haya hayamhusu, WIBA inamkinga naye.

Kwa jirani wa Tanga au Dar es Salaam: kwenu anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kupokea michango Julai 2015. Mwajiri anachangia, sasa nusu ya asilimia ya mishahara, kwa hiyo hela haitoki mfukoni mwake siku unayoumia na bahasha haina maana sana. Ulemavu unaozidi asilimia 30 unaleta pensheni ya kila mwezi, ulio chini yake ni mkupuo. Usiichukue hesabu yangu ya miezi 96 ukaivusha mpaka wa Horohoro, haiendi.

Kwa aliye Kenya, muda wa kufungua madai ni miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo. Mwambie mwajiri mara moja, kwa mdomo kama huwezi kuandika, na mwenzako awepo akisikia. Kama ofisi haitaki kujaza fomu, nenda DOSH mwenyewe na kitambulisho, hati za mshahara za miezi mitatu, karatasi za hospitali, na majina ya wawili waliokuwa zamu nawe. Yule kijana alikwenda na kitu kimoja zaidi: picha ya simu, yenye ukungu kidogo, ya waya wa shaba kwenye swichi ya mashine ambayo hakuwahi kuigusa.